Mikono Yangu Ilipopata Cheti

Hapa Bujumbura mtu mwenye mikono michafu haachi kusalimia. Kuacha kusalimia ni dharau, na dharau ina kesi ndefu kuliko uchafu. Anachofanya ni kukunja ngumi, kuielekeza chini, na kukupa kifundo cha mkono. Nawe unakishika hicho kifundo, mnaulizana habari za nyumbani, maisha yanaendelea. Muuza samaki hufanya hivyo, fundi wa magari hufanya hivyo, na mama aliyekatizwa akikanda unga hufanya hivyo. Tofauti ni kwamba wao wakimaliza kazi hunawa na kurudi kwenye viganja. Mimi nazoa taka. Kwa miaka tisa watu wamenishika kifundo asubuhi na jioni, siku za kazi na siku za Idi, nikiwa nimenawa au sijanawa. Mwishowe nikawa nakitoa mwenyewe kabla hakijaombwa.

Nasema haya nikiwa na hasira kidogo tu. Hasira yangu kubwa niliimaliza mwaka ule binti yangu alipoposwa.

Sisi ni Waislamu wa mtaa wa Buyenzi tangu enzi za babu. Kwa desturi yetu, siku ya ndoa, baba wa bibi harusi ndiye walii. Anakaa mkekani msikitini mbele ya bwana harusi, anamshika mkono wa kulia, kiganja kwa kiganja, na mikono ikiwa imeshikana hivyo anatamka kwamba amemuozesha binti yake. Mimi nina wana wa kiume watatu na binti mmoja. Maana yake jambo hilo ningelifanya mara moja tu maishani, na nilikuwa nimeliwazia tangu binti huyo akitambaa.

Kijana aliyemposa alikuwa mtulivu, muuzaji katika duka la vitambaa la baba yake mkubwa. Huyo baba mkubwa ndiye aliyemlea baada ya baba yake mzazi kufariki, na ndiye aliyeongoza wazee kuleta posa. Nilipomwona akivua viatu mlangoni kwangu tulitambuana papo hapo, na hakuna aliyefurahi. Alikuwa amejenga Kinanira, kule mlimani kwenye upepo, na kila Jumanne mimi na mwenzangu tulipita getini kwake kuchukua taka. Kila Jumanne nilimpa kifundo changu, naye alikishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi.

Mimi nilimjua vizuri kuliko alivyodhani. Mtu akikukabidhi taka zake kila wiki hana siri tena. Nilijua kwamba daktari alimkataza chumvi na kwamba hakumsikiliza. Nilijua sambusa alizowasifia wageni kuwa zimekaangwa nyumbani zilinunuliwa mjini kwenye boksi. Uchafu uliokuwa mkononi mwangu kila Jumanne saa tatu asubuhi ulikuwa wake, halali yake, mimi nilikuwa mchukuzi tu. Lakini uchafu ukishavuka geti haurudi kwa mwenyewe. Unakuwa wa yule aliyeubeba.

Posa ilikubaliwa, wazee wakanywa chai, siku ikapangwa. Wiki ile ile imamu wetu akaniita pembeni baada ya swala. Ni mtu mwema, ila anapenda amani kuliko anavyopenda kusema jambo moja kwa moja. Aliuliza afya yangu, akasifu kazi yangu, akanikumbusha kwamba usafi ni sehemu ya imani, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Upande wa bwana harusi walipendekeza nimpe yeye imamu uwakili, yaani amshike kijana mkono kwa niaba yangu. Sheria inaruhusu, alisema, na baba wengi hufanya hivyo kwa sababu ya haya au kwa kutoyajua maneno. Nilimuuliza haya yangu mimi ni ipi. Akasema hakuna, ni baba mkubwa tu ana wasiwasi wa kiafya, si unajua siku hizi magonjwa yamezidi.

Nilirudi nyumbani nimefura. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nikubali, kwa sababu ndoa ni ya watoto na mkono ni mkono. Binti yangu alikuwa pale pale anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Mi siolewi na mukono ya imamu," alisema. "Kama yako iko muchafu, basi na mi niko muchafu. Wasinichukue."

Akaendelea kuchambua mchele wake. Mimi nilitoka nje nikasimama ukutani, nikijifanya natafuta kitu mfukoni, maana machozi yalikuwa karibu na majirani walikuwa wengi. Hapo ndipo nilipoapa kwamba mkono nitautoa mimi mwenyewe, na kwamba siku hiyo utakuwa msafi kuliko mkono wowote katika mji huu.

Na kama vile dua imepokelewa, mwezi huo huo ukaja mradi wa kutufundisha wazoa taka kunawa mikono.

Semina ilikuwa ya siku tatu, katika ukumbi wenye kiyoyozi kikali hata tukatamani joto la jalala. Mwalimu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Kwenye ukuta alitundika bango la mikono miwili iliyojaa povu, mikono laini ambayo haijawahi kubeba chochote. Alitufundisha kulowesha, kupaka sabuni, kusugua huku na huku, kupitisha vidole katikati ya vidole, kusuuza, kukausha. Mimi nanawa mara tano kwa siku kwa ajili ya swala tangu nikiwa na miaka saba, kwa hiyo nilipoitwa mbele kuonyesha, nilinawa hadi kwenye viwiko. Akanisahihisha. Viwiko havikuwemo katika mafunzo.

Aliyekaa karibu nami ni mwenzangu wa kazi, mama mmoja Mkristo anayeishi Buterere, kwenye mabonde ya mpunga, hapo hapo karibu na jalala tunakomwaga taka za mji. Ni mtu wa kucheka mpaka akae chini. Mwalimu alipotuonyesha filamu ya bomba linalomwaga maji bila kukoma, mama huyu alinikanyaga mguu. Basi nikainua mkono nikauliza maji ya kunawia yatatoka wapi, kwa sababu Buterere mvua ikinyesha maji yanaingia hadi chini ya kitanda, lakini ya kunawa mkono hakuna hata tone. Mwalimu alilisifu sana swali langu. Aliliandika kwenye karatasi kubwa chini ya neno "Changamoto", na siku ya mwisho karatasi hiyo ikakunjwa pamoja na nyingine na kuondoka ndani ya gari lake.

Kwenye mtihani nilikuwa wa kwanza. Nilipewa cheti chenye muhuri mwekundu kinachosema kwamba nimehitimu kunawa mikono. Katika ukoo wetu yuko mmoja aliyekaribia kuwa mwalimu na mwingine aliyekaribia kwenda Makka, lakini mimi ndiye wa kwanza kuhitimu kitu, na kitu chenyewe ni kile mama yangu alichonifundisha kwa kofi moja. Tulipiga picha. Mwalimu akatuaga kwa kutupungia akiwa mlangoni, akaenda zake.

Nilichukua cheti hicho nikampelekea imamu, na imamu, kwa kupenda amani, akakifikisha dukani kwa baba mkubwa. Nilisimuliwa kwamba alivaa miwani akakisoma chote, mbele na nyuma. Kisha akauliza kama kinahusu mikono yote miwili. Jibu lake kuhusu uwakili likabaki lile lile.

Baada ya wiki mbili mradi ulirudi kuzindua bomba pale jalalani. Lilikuwa tangi la buluu juu ya nguzo, na chini yake koki nne zinazong'aa. Lori lilikuja alfajiri likalijaza. Wageni walikata utepe, wakahutubia, kisha wakanawa mikono wao, mmoja baada ya mwingine, ingawa walikuwa hawajagusa kitu tangu watoke nyumbani. Sisi tuliokuwa tumegusa kila kitu tulipewa kazi ya kupiga makofi. Maji yalikwisha kabla makofi hayajaisha, na lori halikurudi tena. Sabuni ya uzinduzi mwenyekiti wa chama chetu cha wazoa taka aliifungia kabatini, kwa sababu ni sabuni ya mradi na wageni wanaweza kurudi. Nijuavyo mimi iko mpaka leo, na nembo yake haijafutika.

Glovu nazo zililetwa, katoni nzima. Zote zilikuwa za mkono wa kushoto. Mwenyekiti alitueleza kwa upole kwamba za kulia zimo katika awamu ya pili. Kwa hiyo mkono wa kushoto, ambao sisi Waislamu hatuli nao wala hatusalimii nao, ukalindwa kama waziri, na wa kulia ukaendelea kuchambua vioo vilivyovunjika. Mwenzangu aligeuza yake ndani nje akaivaa kulia, ikamkaa sawasawa. Akaonywa asiharibu mali ya mradi. Wengine walifurahia sana hiyo ya kushoto, wakaacha kunawa kabisa, wakawa wanakula maandazi nayo wakisema wamekingwa. Mimi nilikuwa na cheti, lakini siku za ndoa zilikuwa zinahesabika na mkono wangu wa kulia ulikuwa vile vile, mweusi kwenye mistari, na ile harufu iliyokataa kutoka.

Mwenzangu aliniona nikiunusa. Akaniambia yeye kila akitoka kazini ananawa kwa majivu ya jikoni na limao, anasugua taratibu, na wajukuu zake hawajawahi kuharisha. Akanishauri nianze siku hiyo hiyo, kidogo kidogo, mpaka siku ya ndoa. Ushauri mzuri ukitoka kwa mtu unayemjua unaonekana hauna thamani. Mimi nilikuwa mhitimu. Majivu hayakuwemo katika mafunzo, kama vile viwiko.

Kilichokuwemo ni javeli, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe. Mwalimu alisema kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji kinaua vijidudu vya sakafuni. Nikapiga mahesabu yangu. Kama kifuniko kimoja kinatosha sakafu ya siku moja, mkono wa miaka tisa unahitaji chupa. Alhamisi mchana, kesho yake ikiwa ndiyo ndoa, nilijifungia bafuni nikamimina chupa nzima kwenye beseni, bila tone la maji, nikatumbukiza mikono yote miwili nikaanza kumtaja Mungu. Nilimtaja kwa muda mrefu. Mwanzoni iliwasha, nikajua vijidudu vinakufa. Kisha ikachoma, nikajua ni vile vikubwa. Mke wangu alipogonga mlango akiuliza harufu hiyo ni ya nini, ngozi ya viganja ilikuwa imegeuka nyeupe na kujikunja.

Jioni ilianza kubanduka. Asubuhi ya Ijumaa viganja vyangu vilikuwa vyekundu, vimepasuka kwenye kila mstari, na nikifumba ngumi vinatoa damu. Harufu ya taka ilikuwa imekwisha, nalisema hilo kwa haki. Nilinuka korido ya hospitali. Mke wangu alivitazama, akataka kucheka, akashindwa, akavipaka mafuta ya nazi. Aliniomba kwa mara ya mwisho nimpe imamu uwakili, safari hii kwa huruma. Nikakataa. Binti yangu alikuwa chumba cha pili, wanawake wamemzunguka, wanampaka hina mikononi, na nilimsikia akiuliza kama baba yuko tayari. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Msikiti ulijaa. Baba mkubwa alikaa safu ya mbele, kanzu yake imenyooka. Kijana alikaa mkekani, miguu amekunja, macho chini. Nilikaa mbele yake, magoti yetu yakakaribiana. Imamu alisoma hotuba, na alipomaliza aliniangalia, akinipa nafasi ya mwisho ya kutaka uwakili. Baba mkubwa akakohoa. Imamu akavuta pumzi, akasema walii atoe mkono wake.

Nikautoa. Nilikuwa nimeungoja muda huo kwa miaka ishirini na tatu, nimeutafutia cheti, nimeuunguzia viganja, na ulipofika mkono wangu ulifanya kile ulichozoea kufanya. Ngumi ilijikunja yenyewe ikaelekea chini. Mbele ya safu zote za Buyenzi, nilimpa mkwe wangu kifundo.

Sikujua mpaka nilipokiona pale, kati yangu na yeye. Nilisikia watu wakikosa la kufanya. Imamu alikiangalia kifundo, akaangalia kitabu, kana kwamba kitabuni pana maelezo. Sikuweza kuugeuza mkono. Nilitaka, nakuapia, lakini haukugeuka. Nikafikiri: basi baba mkubwa ameshinda, na aliyemsaidia ni mimi.

Kijana alikuwa bado ameinama. Alinyoosha mkono wake wa kushoto akaukinga chini ya ngumi yangu, polepole, na kusema kwa sauti ambayo nadhani safu mbili tu zilimsikia.

"Baba, fungula mukono."

Nikafungua. Akaviona viganja, ile ngozi iliyobanduka na zile nyufa. Nilimwona akiviona. Aliweka kiganja chake cha kulia juu ya changu, akiacha nafasi, kwa kuogopa kuniumiza, na imamu ambaye hakuwa ameona kitu akamwambia ashike vizuri, hii ni ndoa. Basi akashika vizuri. Ana mkono wa mtu anayebeba majora ya vitambaa tangu utotoni. Maumivu yalipanda mpaka begani, machozi yakanitoka, na nikiwa nalia hivyo nilitamka, neno baada ya neno, kwamba nimemuozesha binti yangu wa pekee kwa mahari tuliyokubaliana. Akajibu kwamba amekubali. Wazee wa nyuma walianza kujifuta macho kwa kuona jinsi baba anavyompenda mwanawe. Nilikuwa nalia kwa javeli. Na walikuwa hawajakosea.

Imamu aliomba dua ndefu, na kijana hakuniachia mpaka itikio la mwisho. Alipoachia kulikuwa na mstari wa damu yangu kwenye kiganja chake. Akakifumba kabla mtu hajauona.

Pilau ililiwa nyumbani kwangu, sahani kubwa kubwa, wanaume wanne wanne. Kwetu, kabla ya kula, kijana mmoja wa nyumba hushika birika na beseni akawanawisha wakubwa zake. Bwana harusi hafanyi kazi hiyo siku ya ndoa yake. Yeye ndiye anayenawishwa. Lakini alimpokonya mdogo wangu birika, akaja akachutama mbele yangu na kanzu yake nyeupe. Alinimiminia maji ya uvuguvugu, kidogo sana, yakitiririka juu ya nyufa bila kupiga. Alisubiri niseme yatosha. Tangu nianze kazi ile, sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuninawisha. Nilitaka kumwambia jambo la maana, nikamwambia maji ni mazuri.

Baba mkubwa ndiye aliyefuata. Alikuwa amesimama nyuma ya mkwe wangu, mikono yote miwili mbele, mikono mikavu, akisubiri zamu yake ya maji.

Sikufanya haraka kusema yatosha.